Mililita Kumi na Mbili

Jumatano, 2 Aprili

Leo sikukuu ya tatu ya Idi. Wenzangu wanavaa, wanakwenda kutembea, mimi nimeletwa mjini na begi moja. Mume wangu Nadir kaniacha Kiponda kwa Bi Zeyana, dada wa mama yake, akageuka jioni hii hii kurudi Jozani kwa sababu kesho ana wageni wa kuwaongoza msituni. Amesema nikae hapa mpaka daktari wa hospitali ya mjini anitazame vizuri. Kule kwetu Makunduchi waliona kitu kwenye kifua cha mtoto aliye tumboni na hawakusema kitu gani.

Naandika kwa sababu nina daftari la kikundi chetu cha mwani, mimi ndiye katibu, na limebaki nusu. Na kwa sababu nyumba hii watu wananong'ona. Nilipoingia, Bi Zeyana alikuwa na simu sikioni. Aliponiona akasema, "Kafika, kafika," akaikata.

"Shikamoo, Bi Zeyana."

"Marahaba, mwanangu. Vua viatu, ngazi zinateleza."

Alikuwa akisema na nani? Mama mkwe, bila shaka. Nani mwingine anangoja kusikia nimefika?

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua. Chumba changu kiko juu kabisa, na dari inatoka jasho.

Jumanne, 8 Aprili

Daktari ni mwanamke, Daktari Nadhira, kijana, miwani, haongei ovyo. Alinipaka ile dawa ya baridi tumboni akapitisha kifaa huku na huku kwa nusu saa nzima bila kunitazama usoni. Halafu akanieleza. Kati ya kifua na tumbo kuna ukuta mwembamba wa nyama. Kwa mtoto wangu ukuta huo una tundu upande wa kushoto, na utumbo umepanda juu, umekaa kifuani mahali pa mapafu. Tundu linashoneka akishazaliwa. Kinachotisha ni mapafu, kwamba yamebanwa na huenda hayakukua.

"Nikitazama hivi siwezi kuyapima vizuri," akasema. "Nataka upigwe MRI. Si eksirei, haina mionzi, ni sumaku tu. Haimdhuru."

Nikamuuliza kama picha hizo zinamtibu mtoto. Akasema hazimtibu, zinatwambia tufanye nini. Sikulipenda jibu hilo. Mtu anayetaka kujua tu, si lazima awe mtu wa kusaidia.

Halafu akauliza: "Bi Tahiya, siku zako za mwisho ulianza kuziona lini?"

"Tarehe tisa Septemba."

"Una hakika?"

"Nna hakika."

Akapima kichwa, akapima mfupa wa paja, akaandika, akafuta. "Mtoto mdogo kuliko wiki zake," akasema, akanitazama kwa mara ya kwanza.

Kuna jambo siandiki hapa. Daftari halina kufuli.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua kutwa. Bi Zeyana kaongea na simu mara tatu, zote uani.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimepigwa MRI. Mpiga picha ni Bwana Silima, mtu mzima wa Tumbatu, mpole wa maneno. Alinivua kila cha chuma: pini za mtandio, bangili, hata kibanio cha nywele nilichokuwa nimekisahau. Nikalazwa ubavu wa kushoto, nikavishwa vitu vya masikioni, nikaingizwa ndani ya tundu la mashine kama mkate kwenye tanuri. Mashine ikaanza kugonga. Si mlio wa kuzoeleka, ni kama fundi anatoboa ukuta huku mwingine anapiga bati. Katikati ya kelele sauti ya Silima inakuja: "Vuta pumzi, Bi Tahiya. Toa. Sasa usipumue." Nahesabu. Kumi na tano, kumi na sita. "Pumua."

Mtoto alikuwa akirukaruka. Nilimshika kwa mkono mmoja nikimwambia tulia, wanakutazama.

Nilipotoka nilimuuliza Silima ameona nini. Akasema mtoto akiwa tumboni mapafu yake yana maji, na maji katika picha hizi hutoka meupe, kwa hiyo pafu huonekana jeupe. Wanalikata kwa picha, kipande kwa kipande, wanazungushia mstari kila kipande, kisha wanajumlisha wapate ujazo wake.

"Na wangu yalikuwa meupe?"

"Daktari atakwambia."

Kilichonikaa rohoni ni kwamba alikuwa ameshafungua mdomo kusema kitu kingine, akaufunga.

Alhamisi, 17 Aprili

Nadir kaja mjini kwa ajili ya majibu. Daktari akamwita yeye peke yake. Nikabaki kwenye benchi na akina mama wengine kama mtoto aliyeletwa kuchanjwa. Robo saa. Alipotoka alikuwa ananikunjulia uso kabla hajanifikia.

"Mapafu madogo kidogo," akasema. "Tumuombe Mungu."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kidogo tu, Tahiya."

Njiani akaninunulia maji ya ukwaju bila mimi kumuomba, halafu akanishika mkono mbele za watu, pale pale Darajani. Miaka miwili ya ndoa hajanishika mkono njiani hata siku moja.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimerudi kutoka kuoga nimekuta kikapu changu, ambamo naliweka daftari hili, kimehamishwa. Kilikuwa chini ya dirisha, sasa kiko juu ya kiti. Nikamuuliza Bi Zeyana kama kaingia chumbani.

"Nimeingia," akasema, anachambua mchele, hata hakunyanyua kichwa.

Basi kasoma. Nashukuru sikuandika lile.

Jumanne, 29 Aprili

Kliniki. Daktari Nadhira aliwatoa wote chumbani akafunga mlango.

"Bi Tahiya, nakuuliza tena na usinikasirikie. Hii tarehe ya Septemba. Kichwa cha mtoto kinaniambia wiki ishirini na nane. Wewe unaniambia thelathini na tatu."

"Si ulisema ni mdogo?"

"Huenda ni mdogo. Huenda pia tunahesabu vibaya. Watu hukosea."

"Mimi sikukosea. Kwani unanishuku nini?"

"Sikushuku kitu. Nataka namba iwe sawa."

Nikavaa baibui langu nikatoka. Najua anachoshuku. Anatafuta mwezi ambao mume wangu hakuwepo. Mwanamke wa shamba, mumewe mtu wa safari, hesabu haikai sawa: wasomi nao wana masengenyo yao, tofauti ni kwamba wao huyaandika kwenye faili.

Jumamosi, 3 Mei

Mvua kubwa. Sijalala. Simu ya Nadir ilikuwa inatumika saa nzima.

Ijumaa, 9 Mei

Leo Nadir alikuwa aje, hakuja. Kasema ana kazi. Nikampigia mwenzake wa Jozani, Jecha, akasema Nadir kaomba ruhusa kwenda Makunduchi. Makunduchi kufanya nini na mimi niko huku? Nilimsikiliza Bi Zeyana uani akisema na simu: "Usije. Nasema usije, Kurwa. Mwache." Kurwa ndiye mama mkwe wangu. Kuna jambo wanalijua wote ila mimi.

Jumamosi, 17 Mei

Nadir kafika asubuhi, kalowa. Akaenda kuoga, nami nikafungua begi lake nitoe nguo mbichi nizianike. Sitosema nilikuwa napekua. Au niseme. Nilikuwa napekua. Nilitaraji kukuta namba ya simu ya mwanamke.

Nilikuta gazeti limekunjwa, na ndani ya gazeti bafta nyeupe, mpya, haitimii hata mita mbili. Niliishika muda mrefu. Mtu mzima haimtoshi. Nguo haishonwi kwa bafta ile. Nikajua ni ya nini na ni ya nani.

Alipoingia nilikuwa nimekaa nayo mapajani. Hakuuliza kwa nini nimefungua begi.

"Umemnunulia sanda," nikasema. "Yumo tumboni anacheza, nawe umeshamnunulia sanda."

Akakaa sakafuni mlangoni, maji yanamtiririka, akasema yote. Siku ile daktari alimwambia mapafu yote mawili yana mililita kumi na mbili. Mtoto wa wiki zake angekuwa na sitini. Ni asilimia ishirini tu. Mpasuaji wa Dar aliangalia picha akasema kwa namba hiyo kumvusha bahari ni kumtesa, hatofika hata meza ya kupasuliwa. Nadir akakubali azaliwe hapa Unguja, waanzishe uchungu tarehe mbili Juni akitimiza wiki thelathini na nane, madaktari wote wakiwepo. Makunduchi alikwenda kuonesha mahali pa kaburi.

"Nilitaka azaliwe karibu na kwetu," akasema. "Nilimuomba daktari asikwambie. Nilisema wewe hutoweza."

Nilikuwa nimejiandaa kumpigia kelele. Maneno yalikuwepo. Lakini kuna neno moja alilolisema likanizuia.

"Mtoto wa wiki zake," nikasema. "Hiyo sitini wameipata wapi?"

"Wana hesabu yao. Kila wiki na kiasi chake. Wa wiki thelathini na moja, sitini."

Nikaikunja bafta upya. Akadhani ni huzuni. Akaenda kuswali adhuhuri, nami naandika, na leo naandika kila kitu, asome atakayesoma.

Tarehe tisa Septemba ni kweli niliona siku zangu. Mwezi uliofuata nikapima kwa kile kijiti, mistari miwili. Nadir akamwambia mama yake siku ile ile, na mama mkwe akapika, akawaambia mtaa mzima, akanikataza kwenda pwani kwenye mwani. Tarehe kumi na nne Oktoba maji yalijitoa sana, kamba zangu za mwani zilikuwa nzito, mwani unakatika wenyewe. Nikaenda. Nilikuwa naogopa msimu mzima upotee. Niliporudi damu ilikuwa inateremka mguuni. Nilifua kanga kisimani peke yangu, nikasema naumwa mafua, nikalia siku tatu. Sikumwambia mtu. Niliona nimeua kwa mikono yangu, kwa ajili ya mwani.

Novemba siku hazikuja. Mwanzo nilidhani ndiyo ugonjwa, kisha tumbo likaanza kukaza. Kila mtu alikuwa anahesabu tangu Septemba, nikaacha wahesabu. Ni nani angejua? Wiki tano ni nini?

Na Nadir aliondoka tarehe mosi Novemba kwenda Pemba kwenye mafunzo, wiki sita. Nikisema kweli, hesabu ya kutunga mimba ya mtoto huyu inaangukia tarehe ishirini na nane Oktoba, siku nne kabla ya safari yake. Siku nne. Nani katika nyumba ya mama mkwe ataniamini kwa siku nne?

Jumatatu, 19 Mei

Nimekwenda hospitali peke yangu, kwa miguu, mvua inapiga. Nikakaa mlangoni kwa Daktari Nadhira mpaka akatoka.

"Tarehe ni ya uongo," nikasema. Pale pale kwenye ukumbi. "Ya kweli ni kumi na nne Oktoba. Ile ya kwanza ilitoka. Huyu ni mwingine."

Nilikuwa nangoja atabasamu kama mtu aliyeshinda. Hakutabasamu. Alinishika bega akaniingiza ndani, akafungua zile picha kwenye kompyuta, akaigeuza nione. Ndiyo mara ya kwanza namuona. Kichwa, mgongo kama ushanga, na kifuani utumbo umejikunja. Pembeni kulia, kidogo, jeupe, kama punje ya korosho.

"Hili ndilo pafu la kulia. La kushoto ni hiki kipande hapa juu. Mililita kumi na mbili, hapo hatukukosea." Akaandika tarehe mpya, akapiga hesabu, akarudia tena kwa mkono kwenye karatasi. "Siku ile alikuwa na wiki ishirini na sita. Wa wiki ishirini na sita huwa na thelathini na saba. Kumi na mbili katika thelathini na saba." Akapiga mstari chini. "Theluthi. Asilimia thelathini na mbili."

"Ndiyo nini?"

"Bado ni mgonjwa sana. Lakini ini lake liko chini, halikupanda, na kwa theluthi watoto wanapasuliwa na wanaishi. Si wote. Wengi." Halafu akaweka kalamu chini. "Bi Tahiya, tarehe mbili Juni tungemtoa ana wiki thelathini na tatu. Na mapafu haya. Tungemuua sisi."

Nikamwambia, "Nilidhani unanitafutia zinaa."

"Nilikuwa natafuta wiki tano. Niliziona, sikujua zilipotelea wapi, nikaliamini faili. Na nilimwambia mumeo nikakuacha wewe benchini. Lile ni kosa langu, haikupasa. Ungejua namba hii inatoka wapi ungenambia mwezi uliopita."

Nikamuuliza lile ambalo sijawahi kumuuliza mtu: kama mwani ndio ulioitoa ile ya kwanza. Akasema mimba ya wiki tano haitoki kwa kufunga kamba. Inatoka kwa sababu haikuumbika sawa, hata ningelala kitandani mwezi mzima. Nimelia mpaka akafunga mlango kwa ufunguo.

Jioni nikampigia Nadir, nikamwambia yote, hata siku nne.

"Nimesikia," akasema. Akakata.

Jumanne, 20 Mei

Simu yake haipokewi.

Jumatano, 21 Mei

Haipokewi. Nimemwambia Bi Zeyana. Nilisema kwa ukali, nikidhani ameshalisoma daftari. Akashangaa.

"Nisome? Mimi hati hizi za kizungu sizijui, mwanangu. Nasoma msahafu tu."

"Na kikapu ulikihamisha kwa nini?"

"Dari inavuja. Kingelowa." Akanivutia kibao nikae. "Na kama unataka kujua nnayesema naye uani, ni huyo Kurwa. Kila siku ataka kuja kukukalia kichwani, nami namzuia. Mimi nimezika watoto watatu, Tahiya. Wote kabla ya arubaini. Kila aliyekuja kunipa pole aliniuliza nilikula nini."

Siku arubaini na tisa nimekaa nyumba hii nikimhesabia maneno mwanamke huyu.

Jumamosi, 24 Mei

Nadir amekuja. Hakukaa, alisimama dirishani.

"Nilihesabu," akasema. "Sitaki kukudanganya. Nilikaa msituni nikahesabu kwa vidole kama mwehu."

"Ukapata ngapi?"

"Siku nne."

"Na ukaniona mimi nani?"

Hakujibu upesi. Ningependa kuandika kwamba alijibu upesi. "Siku ya kwanza sikujua. Siku ya pili nikakumbuka ulivyokuwa ukilia Oktoba. Uliniambia mafua. Nilikutengenezea tangawizi, ukainywa huku unalia, nikasema mafua gani haya. Nilijua si mafua, Tahiya. Nilijua nikaacha, kwa sababu kuuliza kungenisumbua."

"Na siku ya tatu?"

"Siku ya tatu niliona aibu kuja."

Nimemwambia sijamsamehe bafta. Akasema na yeye hajanisamehe kisima, kwamba nilifua kanga ile peke yangu. Tukala. Bi Zeyana alikuwa kapika samaki wa kupaka na hakuna aliyeusifu mchuzi, naye akasema hajawahi kulisha watu wenye nyuso mbaya kama hizi.

Jumatano, 28 Mei

MRI ya pili. Safari hii nilimwambia Daktari Nadhira kabla sijavua pini: majibu napewa mimi, mume wangu akitaka akae ubavuni asikie. Silima akapiga, mtoto alitulia zaidi. Mililita ishirini na mbili. Wa wiki zake angekuwa na sitini na sita. Bado theluthi. Mapafu yamekua naye sawasawa.

Dar wamekubali kumpokea.

Jumatatu, 2 Juni

Leo ndiyo ingekuwa siku ya kumtoa. Nimekula muhogo wa nazi, nimelala mchana.

Jumanne, 10 Juni

Mvua zimekatika. Mama mkwe kapiga: mbona bado? Nikamwambia tarehe imebadilika, wiki tano mbele, na sababu yake. Akasema, "Hee." Nikamsikia anavyohesabu. Sasa anayeshukiwa ni mimi, na wa kuniangalia watakuwa wengi. Nadir akanichukulia simu mkononi: "Mama, mimi nshahesabu. Wewe usijisumbue." Sijui kama ameridhika. Sidhani.

Jumanne, 1 Julai

Tumevuka. Dar kuna baridi ya kipupwe na wauguzi wanaokwenda mbio.

Jumanne, 8 Julai

Kazaliwa saa nne asubuhi, kwa kisu. Mwanamume. Walikuwa wameniambia mapema kwamba hawatamwacha alie: akilia atameza hewa, utumbo ujae kifuani, mapafu yabanwe. Watampitishia mpira kooni kabla hajavuta pumzi. Kwa hiyo nilipousikia ukimya nilijua ndio ukimya waliouahidi. Hata hivyo nilimuuliza muuguzi mara tatu kama wananificha kitu. Mara ya tatu akaniinulia kioo cha simu yake, nikauona mguu mmoja wa mtoto, unapiga.

Alhamisi, 10 Julai

Usiku oksijeni imeshuka mara mbili. Sina la kuandika.

Ijumaa, 11 Julai

Wamempasua. Imechukua saa mbili na nusu. Tundu limeshonwa, utumbo umerudi kwao. Daktari mpasuaji alipotoka alimtazama Nadir, kisha kama aliyekumbushwa akageuka akaniambia mimi.

Jumatatu, 14 Julai

Bado ana mpira kooni. Daktari Nadhira kapiga simu kuuliza.

Jumatano, 23 Julai

Jana wameutoa mpira. Anapumua mwenyewe, haraka haraka, mbavu zinaonekana, lakini mwenyewe. Leo nimepewa nimshike. Ni mzito kuliko alivyokuwa tumboni, sijui kwa nini. Nilimtazama kifua mpaka macho yakauma.

Muuguzi wa zamu alikuja na fomu, akakaa kwenye ncha ya kitanda. Jina la mama, jina la baba, shehia. Nadir alikuwa upande wa pili, kashika kile kidole kidogo.

"Hii ni mimba yenu ya kwanza?" muuguzi akauliza, kalamu imeshagusa karatasi.

Nilifungua mdomo. Nadir akanitangulia.

"Ya pili," akasema.

Muuguzi akaandika.